RULEMA INAUZWA DUKANI, JICHO HALIUZWI



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya usalama kazini: kofia ya chuma, viatu, miwani, vumbi. Leo tutatoka nje ya mlango wa kiwanda. Tutakwenda nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, siku ya yenga, pale ambapo baba amevaa kaptula na kandambili, amekaa juu ya kiti kidogo, na mbele yake motere ndogo imefunguliwa vipande-vipande.

Siku hizi nyumba nyingi zina motere ndogo ya esansi. Ingine inawasha taa umeme unapokatika, ingine inavuta maji kisimani, ingine inazungusha kinu cha kusaga mahindi. Motere hizo zinafanya kazi nyingi, na kitu kimoja kinachochoka ndani yake ni rulema, ile pete ya chuma yenye vitufe ndani, ambayo wengine wanaiita beringi. Ikichoka, motere inalia kama mtu mwenye pumu, inatikisika, na mwisho inakwama.

Kupeleka motere kwa fundi ni pesa. Ndiyo sababu wengi wanasema: nitaibadilisha mimi mwenyewe. Si vibaya. Mtu anayejua kutengeneza chombo chake ni faida kwa nyumba yake. Lakini nyumbani hakuna vyombo vya atelie. Hakuna presi, hakuna chombo cha kuvutia rulema. Kuna nyundo. Na hapo ndipo taabu inapoanza.

Mtu aliyekuja siku ya tatu

Jioni moja alikuja kwenye dispanseri yetu mfanyakazi ambaye ninamfahamu vizuri. Ni mtu mzima, mwangalifu, dereva wa mashini kubwa za kuchukua mawe. Kazini sijamwona hata siku moja bila miwani yake. Bibi yake alikuwa amemshika mkono, kwa maana jicho la kuume lilikuwa limefungwa, limevimba na kutoa usaha.

Nilimwuliza: «Baba, ni kitu gani?» Akajibu: «Mganga, ni kachanga tu kaliniingia siku ya yenga. Nilikuwa ninaingiza rulema katika motere ya pampu.»

Siku ya yenga! Na siku ile tulikuwa tayari jioni ya siku ya tatu. Bibi yake akanieleza yote. Rulema ilikuwa inakataa kuingia. Akaipiga kwa nyundo, ikainama upande mmoja. Akaipiga tena kwa nguvu. Akasikia kitu kama sindano ndani ya jicho, kisha maumivu yakapungua. Damu haikutoka. Aliona vizuri kidogo. Akafikicha jicho, jirani akampa dawa ya matone iliyobaki katika chupa ya zamani, akalala.

Hakikuwa kachanga. Kilikuwa kipande cha chuma, kidogo kuliko punje ya ufuta, ambacho kilitoboa jicho na kuingia ndani kabisa. Tulimpeleka kwa waganga wa macho mjini usiku ule ule, lakini uchafu ulikuwa umekwisha kuoza ndani. Jicho halikuweza kuokolewa. Leo mtu huyo ni mzima, anafanya kazi, lakini haendeshi tena mashini kubwa, kwa sababu mwenye jicho moja hapimi vizuri umbali wa vitu.

Aliniambia neno moja ambalo sikulisahau: «Mganga, nyumbani hakuna shefu wa kuniambia vaa miwani.»

Kwa hiyo nilikwenda kwa mafundi wa atelie yetu. Mimi mwenyewe nilisoma shule ya ufundi ya uuguzi, sikusoma motere. Niliwaomba wanionyeshe namna mtu anavyoweza kuweka rulema nyumbani bila presi na bila kupoteza jicho. Walinionyesha, na nilifurahi kuona jambo moja: mambo yanayolinda jicho ni yale yale yanayolinda rulema. Anayeipiga ovyo anaharibu vyote viwili.

Rulema imefanywa namna gani

Chukua rulema mkononi. Utaona pete ya nje na pete ya ndani. Katikati yake kuna vitufe, na vitufe hivyo vinashikwa na kitu kama ngazi ndogo ili visigongane. Pete ya ndani inakaa juu ya mhimili unaozunguka. Pete ya nje inakaa ndani ya nyumba yake, katika mwili wa motere ambao mafundi wanauita karteri. Katika motere ndogo za leo karteri ni ya aluminiamu.

Kwenye ubavu wa rulema kuna namba. Usiitupe ya zamani kabla ya kuisoma. Mfano: 6205. Tarakimu mbili za mwisho, 05, ukizizidisha kwa 5 unapata 25: hiyo ni tundu la ndani kwa milimita. Rulema 6204 ina tundu la milimita 20. Hesabu hii ni kweli kuanzia 04 kwenda juu. Chini yake ni hivi: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, na 03 ni 17. Rulema 6205 ina milimita 52 kwa nje na unene wa milimita 15.

Kama nyuma ya namba kuna alama C3, maana yake vitufe vina nafasi kidogo zaidi ya kawaida, kwa sababu motere inapata moto. Nunua yenye alama ile ile. Herufi 2RS maana yake imefunikwa kwa mpira pande zote mbili. ZZ maana yake imefunikwa kwa bati.

Sasa sikiliza neno kubwa. Chuma cha rulema si chuma cha jembe. Kimetiwa kaboni na kromiumu, kikachomwa na kupozwa ghafula ili kiwe kigumu sana. Kitu kigumu namna hii hakipindi. Kikipigwa vibaya kinavunjika, na kipande kinaruka kama risasi. Uso wa nyundo nao ni chuma kigumu. Vigumu viwili vikipigana, kimoja kinaweza kutoa kipande. Huwezi kukiona kikija, wala huwezi kufumba jicho mapema.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: nyundo ya chuma isiguse rulema hata mara moja. Na usitumie rulema ya zamani kuwa kitu cha kugongea mpya, kama wengi wanavyofanya. Hiyo ni kuweka kigumu juu ya kigumu.

Kabla ya kufungua

1. Toa waya wa buji. Motere yenye waya wake inaweza kuwaka unapoizungusha kwa mkono, na vidole haviko mbali.

2. Mwaga esansi yote katika kibidoni chenye kifuniko. Usiitie katika chupa ya limonadi. Mtoto ataona limonadi. Usiinyonye kwa mdomo na mpira. Tone moja la esansi likiingia mapafuni linaleta ugonjwa mbaya wa kifua.

3. Fanya kazi nje, mbali na mbabula ya mama, na bila sigara. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa; unatambaa chini mpaka unakuta moto. Kwa kuosha vyuma tumia petroli ya taa, si esansi, kisha uoshe mikono kwa sabuni.

4. Vaa miwani ya kazi, viatu vilivyofungwa na suruali ndefu. Miwani ya jua si miwani ya kazi. Ikipasuka inaongeza vipande. Watoto wasimame mbali. Mtoto anayemwangalia baba yake akifanya kazi anaweka uso wake karibu kabisa na nyundo.

5. Tandika kitambaa safi. Panga vipande kwa utaratibu ulivyovitoa. Rulema mpya ikae katika karatasi yake mpaka dakika ya mwisho. Chembe moja ya udongo wetu mwekundu ndani yake inatosha kuifupisha maisha.

Kutoa rulema ya zamani

Angalia kwanza kama kuna pete ya kufungia, ile nyembamba inayokaa katika mfereji mbele ya rulema. Pete hii ina nguvu ya springi. Ukiichokoa kwa bisibisi inaruka usoni. Weka kitambaa juu yake kabla ya kuichokoa, na uso uwe pembeni.

Kisha usipige. Tumia moto. Hapa ndipo mafundi walinifundisha jambo la akili sana. Vyuma vyote vinapanuka kwa joto, lakini aluminiamu inapanuka karibu mara mbili kuliko chuma cha rulema. Nyumba ya milimita 52 katika karteri ya aluminiamu, ikipata joto la digrii 70 zaidi ya kawaida, inapanuka kwa sehemu 8 hivi za mia za milimita. Ni unene wa unywele mmoja. Unaona ni kidogo, lakini rulema inashikwa kwa kidogo kuliko hicho.

Joto hilo unalipata wapi? Katika maji yanayochemka. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwa digrii 96 hivi. Hayapiti hapo hata ukiongeza makala. Ndiyo sababu maji ni mazuri kuliko moto wa wazi: hayachomi chuma na hayawashi mafuta.

Fanya hivi. Osha karteri iliyo tupu kwa petroli ya taa, kisha kwa maji na sabuni, mpaka harufu yote iishe. Ikauke. Ukiweka juu ya moto kitu chenye esansi, wewe mwenyewe umewasha bomu. Iweke katika sufuria kubwa ya zamani, maji yaifunike, yachemke dakika 15. Sufuria hiyo isirudi tena jikoni kupika chakula. Toa karteri kwa ganti za ngozi au kwa vitambaa vinene vikavu. Kitambaa chenye maji kinapitisha joto mara moja. Igeuze, uigonge kidogo juu ya ubao. Mara nyingi rulema inaanguka yenyewe.

Ikikataa, rudisha majini. Usikasirike. Wengi wanaokuja dispanseri waliumia katika dakika ile walipokasirika.

Kama rulema imeshika juu ya mhimili, na huna chombo cha kuivuta, hapo ni mahali pa kukubali. Peleka kile kipande kimoja kwa fundi, akitoe kwa chombo chake. Utalipa kidogo kuliko kumpelekea motere nzima.

Kuingiza rulema mpya ndani ya nyumba yake

Siku moja mbele, funga rulema mpya katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uiweke katika frigo, mahali penye barafu. Chuma chake kitapungua kidogo. Kama huna frigo, si kitu. Moto wa karteri peke yake unafanya kazi kubwa.

Safisha nyumba ya rulema. Pitisha kidole: kama kuna kidonda cha chuma kilichosimama, kilainishe na ufute unga wote. Chemsha karteri tena dakika 15. Itoe, uiweke juu ya ubao ulio sawa, uikaushe upesi kwa kitambaa safi. Toa rulema katika baridi, ifute, uiweke sawasawa juu ya tundu, uiachie. Utasikia sauti moja: *tok*. Imekaa. Kama ni ile isiyofunikwa, itie mafuta ya motere.

Una muda mfupi tu, chini ya dakika moja, kwa sababu rulema baridi inavuta joto la karteri, na vyote vinashikana. Kwa hiyo weka kila kitu tayari mbele yako. Kama imeinama upande mmoja, usiipige! Rudisha yote majini, itoe, anza tena. Yule mwenzetu alipiga hapo hapo.

Ikibaki milimita mbili au tatu bila kufika chini, tumia buloni ndefu pamoja na ekuru yake. Pitisha buloni katikati, weka rondele nene kila upande. Ile ya upande wa rulema iwe na upana wa pete ya nje, lakini ipite bila kugusa ukuta wa nyumba. Kaza pole pole kwa kle. Kukaza hakurushi vipande.

Kuingiza rulema juu ya mhimili

Hapa kazi inageuka. Sasa tunataka pete ya ndani ipanuke, na mhimili upungue. Weka mhimili mahali penye baridi, kama unaenea. Funga rulema katika mifuko miwili ya plastiki. Toa maji yanayochemka motoni, ngojea dakika chache, kisha zamisha rulema kwa robo saa. Rulema iliyofunikwa kwa mpira au bati isipite digrii 80, maana grisi yake na mpira wake vinaharibika. Ile isiyofunikwa isipite digrii 120. Usiiweke juu ya makala, hata dakika moja: chuma kitalainika na rulema itakufa baada ya siku chache. Wala usichemshe mafuta jikoni ili kuizamisha humo. Tone moja la maji katika mafuta ya moto linarusha mafuta usoni, na mafuta yakizidi moto yanawaka.

Ikihitaji kusukumwa kidogo, tafuta kipande cha tiyo chenye kukaa juu ya pete ya ndani peke yake, bila kugusa ile ya nje. Kikatwe sawa na kusafishwa. Juu yake weka kipande cha mti mgumu au cha shaba, kisha gonga polepole juu ya hicho. Shaba ni laini. Inakubali pigo, haivunjiki kama chuma kigumu. Sisi watu wa Katanga hatukosi kuijua shaba. Lakini iwe kipande cha tiyo ya zamani ya nyumba yako, si shaba ya kiwanda iliyotoka chini ya koti!

Sheria ya pili, basi, ni hii: sukuma pete ile inayobana. Ukiingiza ndani ya nyumba, sukuma pete ya nje. Ukiingiza juu ya mhimili, sukuma pete ya ndani. Ukisukuma pete isiyobana, nguvu yote inapita katika vitufe. Vitufe vinachimba vishimo vidogo katika njia yao. Huwezi kuviona, lakini siku ya kwanza utasikia rulema mpya inalia kama ya zamani, na utasema mwenye duka amekuibia.

Kujaribu motere

Zungusha mhimili kwa mkono kabla ya kufunga yote. Uzunguke laini, bila kukwaruza. Ukisikia mikwaruzo, ni uchafu au pigo. Usizungushe rulema kwa hewa ya kompresa, kama vijana wa atelie wanavyopenda kufanya ili ilie kama filimbi. Inaweza kupasuka mkononi.

Washa motere nje, mahali pa wazi, mbali na madirisha. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi. Ninyi watu wa chini ya ardhi mnaijua: haina rangi, haina harufu. Inashika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, unataka kutapika, magoti yanalegea, unalala na huamki. Chini ya ardhi kuna ventilatere kubwa za kuondoa hewa mbaya. Katika chumba chako cha kulala hakuna. Motere isifanye kazi ndani ya nyumba, wala varandani, wala katika gala, hata kama mlango uko wazi, hata kama mvua inanyesha, hata kama mnaogopa wezi.

Kama ajali imetokea

*Kitu kimeruka jichoni wakati wa kugonga.* Hata kama maumivu ni kidogo, hata kama unaona vizuri, kifikirie kuwa ni chuma ndani ya jicho. Usifikiche. Usibonyeze. Usikitoe, hata kama unakiona. Usitie matone, wala maziwa ya mama, wala majani. Ninajua jirani wanapenda kusaidia, lakini kila kitu kinachoingia katika tundu la jicho kinaingiza uchafu. Kata chini ya kikombe cha plastiki au cha karatasi, kiweke juu ya jicho kama kofia, mdomo wake ukae juu ya mifupa, usiguse jicho. Kifunge kwa kitambaa. Usile, usinywe, maana pengine mganga atakulaza usingizi akupasue. Njoo saa ile ile, usiku au mchana, na useme wazi: «Nilikuwa ninagonga chuma.» Neno hili linamsaidia mganga kuliko maneno mia; atapiga picha atafute kipande.

Uchafu unaweza kuoza ndani ya jicho kwa siku moja au mbili. Na kama hauozi, chuma kinafanya kutu humo humo na kuua jicho polepole, kwa majuma au miezi. Mara moja moja, jicho lililotobolewa linaweza kuleta ugonjwa hata katika jicho la pili. Ndiyo maana hatusemi «nitangoja kesho.»

*Esansi, petroli au mafuta yameruka jichoni.* Hapa ni kinyume: osha mara moja kwa maji safi mengi, dakika 20, huku kope zikiwa wazi. Kisha njoo.

*Moto au maji ya moto.* Toa pete na saa kabla mkono haujavimba. Mwaga maji safi ya baridi, si barafu, dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala yai, wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi. Kidonda kikizidi kiganja cha mgonjwa, au kikiwa usoni, mikononi au katika viungo, njoo dispanseri.

*Mtoto amekunywa esansi.* Usimtapishe, wala usimpe maziwa ili atapike. Akitapika, esansi inaingia mapafuni. Mlete mara moja, pamoja na chupa yake.

*Mtu ameanguka kwa moshi wa motere.* Usikimbilie ndani bila kufikiri, wawili watalala. Vuta pumzi nje, fungua milango yote, mtoe upesi kwenye hewa safi, ita msaada.

Maswali ya wasomaji wa mtaa

*«Mganga, miwani ya kazi ni ya Kampuni. Nyumbani nitapata wapi?»* Uliza shefu wako au mtu wa usalama namna ya kupata. Na kama lazima ununue, linganisha bei yake na ya rulema yenyewe. Aliye na pesa ya rulema atafute na ya miwani, kisha afanye kazi.

*«Mimi ninafumba macho ninapopiga. Haitoshi?»* Haitoshi. Ukope ni ngozi. Chuma kinaupita.

*«Ninaweza kuvaa ganti wakati wote?»* Wakati wa vitu vya moto, ndiyo. Wakati motere inazunguka, hapana. Ganti ikikamatwa, inavuta kidole.

*«Baba yangu alipiga rulema kwa nyundo maisha yake yote, hakuumia.»* Ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini yule mwenzetu naye alikuwa amepiga rulema nyingi kabla ya ile moja.

Kwa mama wa nyumba

Mama, wewe huna kazi na rulema, lakini una kazi na jicho la bwana wako. Kazini kuna shefu wa kumkumbusha. Nyumbani ni wewe. Ukiona amechukua nyundo, mpelekee miwani yake kama unavyompelekea chai. Waite watoto kwako. Sogeza mbabula. Na kama akisema «ni kachanga tu,» usimsikilize. Mshike mkono mje. Hatutakucheka kama kweli ni mchanga. Tutafurahi.

Kata ukurasa huu, uubandike mahali pa vyombo vya baba. Shikeni haya matano:

1. Nyundo ya chuma isiguse rulema.
2. Maji ya moto na baridi kwanza, nguvu mwisho.
3. Sukuma pete inayobana.
4. Miwani usoni, watoto mbali, motere nje.
5. Kitu jichoni: usifikiche, usingoje kesho.

Rulema ikiharibika, duka liko. Jicho likiharibika, hakuna duka.